Mlango wa Maji Matamu

Wapo wanaosema jini haingii penye mashine. Waacheni waseme. Hawajafanya kazi katika chumba cha panya pale kituo cha utafiti cha Nchelenge, kando ya ziwa upande wa Zambia, ambamo usiku uliletwa asubuhi kwa kuzima swichi.

Panya ni wakesha usiku na watafiti ni walala usiku. Ili wakutane, kituo kiliziba madirisha na kugeuza saa: taa ziliwaka watu wakiwa majumbani, zikazimwa watu wakija kazini, ikabaki taa moja nyekundu ambayo panya hawaioni. Ndiyo maana Rosalie, mkimbizi wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, aliyepanga chumba mtaa wa Kashikishi na binti yake Gaëlle, aliacha jua mlangoni kila siku na kuingia gizani akiwa na ndoo ya maranda.

Kazi haikuwa ngumu. Panya waliishi pamoja katika boksi kubwa la plastiki, na kila mmoja alikuwa na chipu ndogo kama punje ya mchele chini ya ngozi. Ukutani mwa boksi palikuwa na milango miwili midogo. Panya akisukuma pua, mashine ilisoma chipu na kumtambua kwa jina, na akiwa amechagua mlango sahihi, ulifunguka, tik, akapewa tone la maji ya sukari. Mashine ilijua nani anajifunza upesi, nani anasahau, nani anampisha nani. Watafiti walitaka kuelewa malaria inavyokula akili za watoto, na hilo ni jambo jema, sitalicheka.

Majina alitoa Rosalie. Elliot, Mzambia aliyezisimamia mashine, alimwambia awaite apendavyo, yeye atayaingiza. Rosalie alijua kwamba mnyama hapewi jina la mtu aliye hai, huo ni uchokozi. Akatoa Sukari, akatoa Mupira, akatoa Kifaranga. Kisha akamwona panya mmoja mdogo, mlafi, anayerudi kwenye maji matamu hata tumbo likiwa limejaa, akacheka peke yake gizani, akasema, "Huyu ni Cadette."

Cadette alikuwa mdogo wake. Walipokimbia vita, mtumbwi wao ulipinduka ziwani, na wote walipatikana isipokuwa yeye. Alipenda sukari kuliko nyama. Rosalie aliona hakuna ubaya; aliyekufa hachokozeki. Hapo alikosea, na alikosea kwa mapenzi, ambayo ndiyo makosa magumu kuyakemea.

Panya Cadette alikufa kipindi cha baridi. Elliot alimtoa boksini, akaichomoa chipu yake, akaitia kwenye droo. Muda si mrefu baadaye Rosalie alikuwa anabadilisha maranda akasikia tik. Mlango wa kushoto ulikuwa wazi na hapakuwa na panya mbele yake. Tone la maji lilining'inia, likatetemeka, likaisha.

"Ba Elliot," alisema polepole, "ule mulango unajifungua."

"Nani anakunywa?"

"Hakuna. Lakini mashini inasema ni Cadette."

Elliot alikuja akatazama skrini, akakataa kwa kichwa. "Awe, ba Rosalie, ni antena. Unyevu ya ziwa inaingia mu waya." Akafungua droo, akaiweka ile chipu kiganjani amwonyeshe kwamba ipo. Ilikuwa bado kiganjani mlango ulipofunguka tena, na safari hii wote wawili waliwaona panya. Walikuwa wamejigawa pande mbili, wameacha njia katikati kama watu wanavyompisha mkubwa kanisani, na manyoya ya wale walio karibu na njia yalikuwa yamelowa.

Elliot alibadilisha antena. Alibadilisha waya. Rosalie akawa anaimba mapambio ya kanisani akifanya kazi, tena kwa sauti, kwa sababu akinyamaza alisikia tik, na baada ya tik alisikia kunywa, si kule kunyonyanyonya kwa panya bali mafundo, ya mtu. Chumba kilianza kunuka nguo iliyoloana ikaachwa bila kuanikwa. Hakumwambia Elliot jina lile ni la nani. Aliona haya, na aliogopa kazi, maana ndiyo iliyomlisha Gaëlle.

Kisha ukafika wakati wa kugeuza. Ndivyo utafiti ule unavyokwenda: panya wakishazoea kwamba utamu uko kushoto, unahamishiwa kulia, ili ijulikane nani anaweza kusahau la zamani na kujifunza jipya. Mazoea yana taabu. Sukari na Mupira walihangaika kidogo, wakahamia kulia. Lakini mlango wa kushoto uliendelea kusukumwa na asiyeonekana, ukasukumwa na kusukumwa mpaka plastiki ikapata joto, na panya wote wakarundikana kona ya mbali wakitetemeka, na Rosalie akasimama na ndoo yake hajui aende mbele au nyuma, huku kile kinachosukuma kikiacha, kikianza, kikiacha, kikianza kwa nguvu zaidi, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba aliyozoea kulishwa. Ghafla kikanyamaza. Rosalie alimshukuru Mungu. Angejua, asingeshukuru.

Jioni ileile, akipika bukari, ugali wa kwao, alimkuta Gaëlle ameweka kikombe chake cha chai sakafuni, karibu na mlango.

"Juu ya nini unaweka chai pale?"

"Ya mama mudogo," mtoto akasema. "Eko ku mulango. Anasema kule kwake balifunga."

Gaëlle hakuwahi kumwona mama yake mdogo. Alizaliwa upande huu wa ziwa. Rosalie aliinama akashika kikombe. Kilikuwa kikavu, na ukingoni kilinuka tope.

Tangu jioni hiyo hapakuwa na utulivu nyumbani kwao. Mtoto aliomba sukari asubuhi, akaiomba mchana, akaamka nywele zimelowa na mto umelowa. Mchungaji wa jirani aliomba, akaweka mikono, akaenda zake, na chai ikaendelea kuisha. Siku moja Rosalie alimwita Gaëlle aje kula naye hakugeuka. Akamwita tena. Mtoto alikuwa anachora kwa kidole mavumbini, masikio yake mazima. Ndipo Rosalie akalitamka lile jina jingine, kwa kunong'ona tu, na mtoto akainua kichwa. Rosalie hakulala tena. Alituma ujumbe kwa mama yake, Angèle, kwenye makazi ya wakimbizi ya Mantapala.

Mama Angèle alifika na baiskeli ya abiria, vumbi mpaka kwenye kope. Alimtazama mjukuu, akamnusa nywele, akaketi.

"Nani alimuita?"

Rosalie akaeleza yote, panya, jina, mlango, maji. 

"Mutoto yangu," mama yake akasema, "kupyana ni nini?"

Rosalie akaanza kulia, kwa sababu alijua. Kwao, ng'ambo na ng'ambo ya ziwa lile, mtu akifa jina lake halizikwi. Mtu wa ukoo huketishwa mkekani, akapewa maji ya kunywa, akaitwa kwa jina la marehemu, akaitika. Huko ndiko kupyana, na tangu hapo marehemu ana pa kukaa, hazururi. Cadette hakupyanwa na mtu yeyote. Mwili haukupatikana, msiba haukukaliwa, wakawa wanangoja.

"Mulimuita kwa jina, mukamupa mayi," alisema mama Angèle. "Kila siku. Ile mashini mulipa kazi ya bazee. Alikuya, akakuta ni panya. Panya akakufa. Sasa anatafuta mwili."

"Maman, tumufukuze."

"Ni mutoto yangu. Nimufukuze aende fasi gani?" Akajifuta macho kwa kitenge. "Mutu atamupyana. Kama hapana weye, ni huyu mudogo."

"Ni mie."

"Sikia kwanza. Kama tungefanya zamani, angeikala pole, sawa bengine. Lakini balimuzoeza kula kila saa. Sijue kama atakuachia nafasi mu mwili yako."

"Ni mie, maman," Rosalie akarudia.

Elliot aliwafungulia Jumapili mchana. Hakuuliza mengi, na yeye ana bibi kijijini. Alibaki nje juani, akiuegemea ukuta, akawaacha waingie katika usiku ule wa kutengenezwa: mama Angèle na mkeka na kikombe cha maji, Rosalie na Gaëlle mgongoni, kwa maana mtoto aliyekwisha kuanza kuitika jina haachwi mbali.

"Mutu wa kwanza kuitika, njo yeye anamubeba," mama Angèle alinong'ona. "Mushike huyu mutoto kinywa."

Rosalie aliketi mkekani, akamhamishia Gaëlle kifuani. Akanywa. Maji yalikuwa ya bomba lakini yalimfikia ulimini yakiwa matamu, matamu ya kuchefua, na harufu ya nguo mbichi ikashuka chumbani, na milango yote miwili ya boksi ikaanza kufunguka na kufungika, tik kushoto, tik kulia, upesi kuliko panya yeyote anavyoweza, na panya wakajigawa, si kuelekea milangoni safari hii bali kuelekea mkekani, wakaacha njia iliyonyooka mpaka ukingoni mwa boksi, na nje ya boksi, kwenye sakafu aliyoikausha yeye mwenyewe Ijumaa, njia ikaendelea kwa alama za maji, moja, nyingine, za mguu mdogo usio na kiatu, zikija.

"Cadette," mama Angèle aliita.

Mtoto alivuta pumzi. Rosalie alihisi midomo midogo ikifunguka chini ya kiganja chake, ikiuma, ikipambana itoke, akabana, akasema kwa sauti iliyojaa chumba, "Niko."

Milango ilinyamaza. Panya mmoja akaanza kula. Gaëlle akalia kilio cha kawaida cha mtoto aliyebanwa mdomo, na bibi yake akamnyakua akambusu uso mzima huku akimwita Gaëlle, Gaëlle, na kila mara mtoto akiitika kwa hasira.

Elliot alifuta jina kwenye mashine. Harufu ilikwisha. Nywele za mtoto zilibaki kavu, akaacha kuomba sukari, akanenepa. Mama Angèle alikaa mpaka aliporidhika, akapanda baiskeli akarudi kwenye mihogo yake, na majirani wakasema Rosalie amependeza siku hizi, amekuwa mchangamfu kama msichana. Kweli alikuwa anacheka sana. Pia alikuwa hatulii. Usiku alitembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, akaujaribu, akarudi, akaujaribu tena, na asubuhi kopo la sukari lilikuwa jepesi. Rosalie aliyaona hayo yote. Aliyaona kutoka mahali pa mbali kidogo na pa baridi, nyuma ya macho yake, na kila siku palikuwa mbali zaidi.

Jumamosi moja alikuwa anasuka nywele zake mlangoni. Gaëlle alimwita kutoka ndani.

"Maman."

Mikono iliendelea kusuka.

"Maman."

Rosalie alisikia. Alitaka kugeuka kwa nguvu zake zote, na shingo haikuwa yake. Mtoto alikuja akasimama mbele yake, akamtazama usoni kwa muda, kama anavyotazamwa mgeni anayefanana na mtu wa nyumbani. Kisha akajaribu, polepole, "Mama mudogo?"

Uso uligeuka, ukatabasamu.

"Mama mudogo, maman eko wapi?"

Rosalie alipiga kelele kwamba yuko hapa, yuko hapa, na hakuna kilichotoka. Alisikia mdomo wake ukimjibu mtoto kwa upole.

"Alibakia mu mayi."