Aliyebeba Maneno ya Seini

"Nimekuuliza kitu kimoja tu, Lesieli. Umemwona dada yangu?"

Viliami alikuwa amesimama nje ya maktaba ya chuo, mlango wa gari wazi, injini inanguruma. Bado alikuwa amevaa nyeusi. Mwaka wa msiba wa mama yake haujaisha.

"Siwezi kukujibu."

"Huwezi au hutaki?"

"Nenda kapumzike, Viliami. Macho yako mekundu."

Alicheka kicheko kikavu. "Nimezunguka Auckland yote namtafuta dada na mwanawe, halafu mchumba wangu ananiambia nikalale."

Aliondoka bila kuaga. Lesieli alibaki ameshika mikanda ya begi lake.

Alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya ustawi wa jamii. Chuo kilikuwa kimempeleka kufanya mafunzo ya vitendo kwenye shirika linalowahifadhi wanawake waliokimbia vipigo. Jumatatu asubuhi alifungua mlango wa ofisi akakutana uso kwa uso na Seini, dada wa Viliami, amembeba binti yake, jicho limevimba hadi limejifunga. Palepale Lesieli alimwita msimamizi wake, Bi Ngaire, akamweleza kwamba huyu ni wifi yake mtarajiwa, haifai amhudumie yeye. Bi Ngaire akamkabidhi Seini kwa mwenzake, kisha akamkumbusha Lesieli kwamba kinachoingia mlango ule hakitoki, hata kwa mama mzazi. Kikitoka, mwanamke anaweza kufa, na shahada nayo aisahau.

Seini naye alimvuta pembeni.

"Kaka asijue, wifi. Akijua atamfuata mume wangu, na mimi nitazika mtu mwingine mwaka huuhuu."

Tangu siku hiyo Lesieli hakutulia. Jumapili nyumbani kwao ilipakuliwa nyama iliyofungwa kwenye majani ya magimbi, chakula anachokipenda kuliko vyote, akaishia kukichokonoa. Aliketi mbele ya insha yake, akaandika jina, akafuta, akasimama dirishani, akarudi. Simu ikawa haiishi kulia kwa ujumbe wa Viliami.

"Mume wake anasema ameenda kwa shangazi. Shangazi anasema hajamwona."

"Lesi, nijibu basi."

Kila mara aliandika, "Yuko salama." Kila mara alifuta.

Kisha polisi wakampelekea mume wa Seini amri ya kukaa mbali na mkewe. Yeye kwa hasira akampigia shemeji yake, akilalamika kwamba shirika la wanawake limemfichia mke, na Viliami akajumlisha mwenyewe. Ujumbe wake ulimkuta Lesieli kituo cha basi.

"Kumbe yuko huko unakofanya mafunzo. Ulijua muda wote. Siwezi kuoa mtu anayenitazama nikiungua na ndoo ya maji ameishika mkononi. Pete mwachie shangazi yangu."

 Lesieli aliivua pete, akaitumbukiza kwenye begi.

Kesho yake Seini alikuja ofisini kusaini karatasi zake, akamkuta jikoni anaosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. Akamtazama kidole.

"Pete iko wapi?"

"Ni mambo yangu tu, wifi."

"Yaani unanificha hadi mimi, na siri yenyewe ni yangu?"

Seini alikwenda moja kwa moja kwa Bi Ngaire, akaomba kaka yake aitwe pale ofisini, si kwenye nyumba anayolala, na Lesieli awepo kama ndugu. Bi Ngaire alikubali, akamwambia Lesieli avue kitambulisho chake cha kazi.

Viliami alifika amefunga mkeka wa heshima kiunoni. Alipomwona dada yake aliinamisha kichwa, akasimama mlangoni. Kwetu Watonga wa visiwa vya Pasifiki, kaka na dada wakishakua hawazungumzi mambo ya ndoa wala ya mwili uso kwa uso. Lazima awepo mtu wa kuyabeba. Seini aligeukia ukuta. Lesieli akakaa katikati.

"Mwambie kaka asimguse mume wangu," Seini alisema. "Sheria imeshamshika."

"Anasema usimguse mume wake. Sheria imeshamshika."

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

Bi Ngaire aliwatazama mmoja mmoja. Chumba ni kidogo, wote wana masikio, na bado maneno yanapitia kwa mtu.

Viliami alikohoa. "Mwulize kwa nini hakuniletea habari mapema."

Lesieli akauliza. 

"Mwambie aliyekuwa akinipelekea maneno kwake tulimzika."

Hayo Lesieli hakuweza kuyabeba.  Wala hapakuwa na haja. Viliami alikuwa ameshajifunika uso kwa viganja vyote viwili, mabega yanatikisika.

Walimwacha alie.

"Mwambie tena," Seini alisema, sasa kwa upole. "Huyu mchumba wake, nilimfunga mdomo mimi. Angetaka kupendwa, angesema. Mama aliwahi kunipelekea siri zangu na hakuna iliyomwagika njiani. Basi nimepata mwingine. Kaka akimkataa, nitakuwa nimebaki bila wa kunibebea maneno mara ya pili."

Kwetu dada akishasema, kaka habishi. Viliami alijifuta uso, na kwa mara ya kwanza akamtazama Lesieli.

"Pete umeshampa shangazi?"

"Bado."

"Kwa nini?"

"Nina insha ya kumaliza."

Seini alicheka akiwa bado ameelekea ukutani, na kaka yake akafuata. Kisha Viliami alinyoosha mkono, kiganja juu, akisubiri begi lifunguliwe.

Siku ya mahafali ya Lesieli, msiba ulikuwa umeshaanuliwa. Viliami alikuja na shati jeupe, amebeba shada la maua la kumvisha mchumba wake. Seini alikuwa amesimama upande wa pili, binti yake begani, macho yote mawili mazima.

"Wifi," alisema, "mwambie kaka leo amependeza."

Viliami alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake, anatabasamu, amesikia kila neno.

Lesieli akageuka, akampelekea.