Nafasi ya Mtu Mmoja kwenye Benchi

Benchi lote lilikauka, kasoro nafasi ya mtu mmoja. Mama Brashi, fundi rangi mwenye miaka ishirini ya kunusa tina ya kuzimulia rangi, alipagusa, kidole kikatoka na bluu. Akapaka upya, akaenda zake kunywa chai. Aliporudi, pale pale palikuwa na alama ya makalio mapana, ya mtu aliyekaa akatulia. Akacheka. Aliwasingizia mafundi bomba, akawachamba kidogo kwa utani, nao wakaapa kwamba hawajatia mguu mle ndani.

Kilikuwa chumba cha kubadilishia nguo cha uwanja wa zamani wa mjini, uliofungwa miaka kumi na miwili na sasa ukikarabatiwa ili timu za mitaani zipate pa kuchezea. Timu ya kwanza kuvaa mle, Jumamosi, ingekuwa ya wasichana, na kipa wao alikuwa binti yake wa pekee. Ndiyo maana aliomba chumba hicho akipake mwenyewe.

Siku ya pili, jua la utosi, wenzake wamekwenda kula, ilimjia harufu kali ya dawa ya kuchulia misuli, mbichi kabisa, katika chumba ambamo hajachuliwa mtu miaka yote hiyo. Kisha akasikia njumu, kwa, kwa, kwa, zikitoka bafuni bila haraka, zikampita mgongoni karibu mno hata vinyweleo vikamsimama, zikafika kwenye benchi, mbao zikalia kama zinavyolia anapokaa mtu mnene, halafu sauti ya kiume, ya upole, ikamuuliza binti yake huvaa jezi namba ngapi.

Aliogopa, kweli kweli aliogopa. Alitoka mbio peku, kandambili akaziacha humo humo.

Msimamizi wa kazi hakumcheka. Alikiri kwa sauti ya chini kwamba ukarabati wa kwanza ulikwama kwa jambo hilo hilo, akamwita mganga, mama mfupi mwenye mfuko wa nailoni na miwani iliyofungwa uzi. Mganga alinusa mlangoni, akatikisa kichwa. Huyu jini, alieleza, alikuta chumba kitupu akakaa kama mgeni, na akifukuzwa atagoma. Inabidi asindikizwe, tena na yule aliyesemeshwa naye.

"Utamtoa mpaka geti kubwa," alinong'ona. "Usimwangalie. Akikushukuru, sema kwaheri, basi. Usiongeze neno."

"Na nikikosea?"

"Usikosee, mwanangu. Ameshaanza kumuulizia mtoto wako."

Wakatoka mchana huo huo, Mama Brashi mbele, njumu nyuma, mganga na msimamizi wakifuata kwa mbali, na katika ujia wa kuingilia uwanjani njumu zililia kwa mwangwi kana kwamba ni timu nzima, kisha zikanyamaza walipofika kwenye nyasi mpya, ambazo zilikuwa zikilala chini hatua kwa hatua bila mguu wa kuzikanyaga, naye akatembea, sura ya binti yake ikimkaa machoni, midomo ikikariri kwaheri, kwaheri, kwaheri, mpaka getini.

Pale harufu ya dawa ikamsogelea sikioni.

"Ahsante, mama," sauti ilisema kwa adabu. "Nimekaa vizuri kwenu. Mnisamehe kwa usumbufu."

Alifungua mdomo aseme kwaheri, basi. Lakini mama huyu alikuwa amesindikiza wageni tangu usichana wake, mashangazi, mawifi, majirani, hata wale aliowachoka, na ulimi ulishazoea kazi hiyo bila kumngoja mwenyewe.

"Haya, kwaheri," alisema. "Karibu tena."

Nyuma yake mfuko wa mganga ulianguka chini. Mama Brashi aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Nashukuru," sauti ikajibu taratibu. "Basi Jumamosi."