Tego Chini ya Friza

Jioni ile Yasmini alimtuma mumewe, Mwinyimvua, aende kwa seremala kule Mahege, akachukue pumba za mbao za kufungia barafu ya wateja wa mbali. Mwinyimvua akaenda. Gunia akalifunga vizuri nyuma ya pikipiki, akaagana na seremala, kisha badala ya kugeuza kurudi nyumbani Bungu akakata kushoto, akaifuata njia ya mikorosho. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Taa hakuiwasha.

Hakutaka kuonekana. Mwanamume mwenye mke nyumbani hapiti njia ile magharibi kwa kheri, maana mwisho wake ni kwa Bi Sikujua, na kwa Bi Sikujua haendi mtu aliyeshiba amani.

Tuseme kweli, maana hapa hatumpambi mtu. Mwinyimvua alikuwa na wivu. Si ule wivu wa kutaniana harusini. Huu ulikuwa ule unaomfanya mtu mzima ainuse kanga ya mkewe ikiwa bado kwenye kamba.

Ulianza siku ilipoletwa friza.

Yasmini alikuwa akinunua samaki na kamba Nyamisati na kuwauza Bungu, kando ya barabara kuu. Wasiouzika wakichacha, analia, anaanza upya. Akadunduliza kimyakimya mpaka akaenda Kibiti dukani kwa Hasham, akanunua friza ndefu ya kulala, yenye mfuniko wa kufunulia juu. Ikaja kwa kigari cha kirikuu, imelazwa ubavu, na pembeni yake amekaa fundi mmoja kijana, Nurdini, mwembamba, mcheshi, ananukia marashi utafikiri anakwenda kuoa.

Majirani walikuwa wamejaa. Mwinyimvua akashika waya mwenyewe ili aichomeke, watu waone nani mwenye mji. Nurdini akamzuia mkono.

"Subiri kaka. Imesafiri kwa ubavu hii, mafuta ya mashine yamehama. Ukiiwasha sasa hivi unaiua. Iache isimame mpaka kesho."

Mbele ya watu! Na Yasmini, mkewe wa ndoa, akasema, "Msikilize fundi, Mwinyi."

Wivu ukamwingia hapo, kama mwiba wa samaki kooni.

Kesho yake Nurdini akarudi. Akaipandisha friza juu ya mbao ndani ya banda la samaki ili isikae kwenye maji ya samaki, akaivuta mbali na ukuta ipate kupumua mgongoni, akaifungia soketi yake peke yake isichangie na feni wala redio. Kisha akatoka nyuma ya banda, akachukua nondo nyembamba ya shaba, akaigongomea ardhini mpaka ikabaki shubiri moja, akaiunga na waya wa kijani uliotoka ndani.

"Hii ndiyo ethi," alisema. "Msiiguse. Umeme ukivuja kwenye bati la friza, utapita hapa uzame ardhini. Hii isipokuwepo, utatafuta njia nyingine. Utapita kwa mtu."

Yasmini alimsikiliza kama mwari anayefundwa. Neno halikumpita. Na tangu siku hiyo nyumbani kukawa na imamu mpya. Fundi amesema tusiingize kitu cha moto. Fundi amesema tusiifungue ovyo. Fundi amesema usiishike na mikono ya maji, vaa kandambili. Mwinyimvua akitaka maji ya baridi anaambiwa fundi amesema. Na kila Nurdini akipita Bungu kwa kazi zake, lazima atie mguu, aitazame friza, acheke na Yasmini, aende. Akishaondoka marashi yanabaki, na Mwinyimvua anayanusa kwenye mfuniko.

Basi ndiyo maana jioni ile alikata kushoto.

Bi Sikujua alikuwa barazani, anamenya mihogo kwa mwanga wa taa ya sola. Hakuinua uso.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wa Bungu wewe. Kaa." Kisu kikaendelea... krr... krr. "Nani anakukosesha usingizi?"

Akamweleza. Alisema mengi kuliko aliyokusudia, na mengine aliyatunga palepale. Bibi akaingia ndani, akarudi na kifundo cha kitambaa cheusi kilichokazwa kwa uzi mwekundu. Kidogo, lakini mkononi kilikuwa kizito. Na cha baridi.

"Hili ni tego," alinong'ona, akirudia kumenya. "Litamnasa mwanamume yeyote anayemwendea mkeo kwa nia mbaya. Akigusa hilo dude lenu, hatoki. Na halimwachii mpaka wewe mtegaji useme kwa kinywa chako, mbele ya mkeo, ulitega nini na kwa nini. Dude lenyewe limegusa ardhi wapi?"

Mwinyimvua akaikumbuka ile nondo. "Nyuma ya banda."

"Basi litie hapohapo. Chini." Kisu kikasimama. Kwa mara ya kwanza bibi alimtazama usoni. "Mwanangu... una hakika?"

"Nina hakika."

"Haya," alisema, na kisu kikaendelea.

Alfajiri, Yasmini akiwa kwenye sala, Mwinyimvua alizunguka nyuma ya banda. Akaufungua waya wa kijani, akaing'oa nondo kwa kuizungusha huku na huku, akaificha juu ya paa. Akalipanua lile tundu kwa ncha ya panga, akakidondosha kifundo.

Akasubiri asikie kikifika chini.

Hakusikia kitu.

Akafukia upesi, akausukumia waya chini ya mchanga ili ionekane kila kitu kipo. Alipokuwa anajipangusa magoti akasikia mvumo, mmmmm, akadhani ni friza. Kumbe sauti ilikuwa inatoka chini ya miguu yake. Akaingia ndani mbio. Na alipokanyaga tu kizingiti, friza ikanyamaza, kama wasengenyaji anapotokea msengenywa. Akatoka nje. Mmmmm. Akaingia. Kimya.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya friza.

Hazikupita siku nyingi, Yasmini akamwambia wakiwa wanakula, "Mwinyi, friza inanitekenya vidole."

"Inakutekenya vipi?"

"Nikiishika inanipa ganzi. Kama sisimizi. Haikuwa hivi."

Hapa ndipo ninapomchukia kidogo huyu Mwinyimvua. Maneno ya fundi kuhusu ile ethi aliyasikia kwa masikio yake, na kichwa kibovu hana. Lakini wivu ukiingia kichwani hautaki mpangaji mwenzake. Badala ya kuogopa, alifurahi! Akajisemea, tego limeamka. Tego la wanaume, mwanamke litamdhuru nini?

"Ni baridi tu hiyo," alimjibu mkewe, akamega tonge.

"Nitampigia fundi."

"Mpigie," alisema Mwinyimvua kwa upole. "Mimi jioni nitakuwa shamba."

Shamba hakwenda. Mvua ilianza alasiri, ikapiga mpaka maji yakaingia bandani. Giza la magharibi lilimkuta amejibanza nyuma ya ukuta wa mbao, jicho kwenye upenyo, analoa, anatetemeka kwa hamu. Mlio wa pikipiki ukafika. Marashi yakafika kabla ya mtu. Nurdini akasimama mlangoni, anakung'uta koti.

"Shemeji, hujambo? Na kaka yuko wapi?"

"Shamba. Njoo uone, fundi, leo imezidi..."

Yasmini alikuwa amesimama kwenye maji. Kandambili moja ilikuwa imechukuliwa na maji, mguu mmoja peku. Akanyoosha mkono kwenye mfuniko ili amwonyeshe.

"Ona, inani..."

Sauti ikakatika.

Mdomo ulikuwa wazi. Sauti haikutoka. Shingo imekakamaa, vidole vimeng'ang'ania bati, na macho yake, wallahi, macho yake yalikuwa yanauelekea uleule upenyo aliosimama mumewe.

Mwinyimvua akasahau tego. Akasahau marashi. Kilichobaki kichwani ni kwamba mkewe anakufa, na kwamba anayemuua ni yeye mwenyewe. Akauparamia mlango.

"Usimshike!" Nurdini alipiga kelele, huku akiruka kwenda kwenye meni swichi. "Kaka, usimshike!"

Ameshamshika. Mkono wa kushoto kiunoni kwa mkewe, wa kulia ameubamiza kwenye friza ili aisukume. Kitu kikampiga mpaka kwenye meno.

Tap!

Giza. Nurdini amezima.

Yasmini akaanguka kwenye maji, akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, akakohoa. Yu hai. Mwinyimvua akataka kumwinamia.

Hakuweza.

Mkono wa kulia ulikuwa bado umekamatwa na friza.

"Kaka, nimeshazima," Nurdini alisema, akiwasha tochi ya simu. "Toa mkono."

"Hautoki."

"Umeme haupo, kaka. Tazama, testa haiwaki."

"Nurdini, hautoki!"

Fundi akaweka sikio, na uso wake ukabadilika. Friza ilikuwa imezimwa. Waya ameshauchomoa mwenyewe, uko pale sakafuni unaelea. Na friza inavuma.

Mmmmm.

Baridi ikaanza kupanda. Vidole. Kifundo cha mkono. Kiwiko. Nurdini akachukua ubao akajaribu kuubandua ule mkono, ngozi ikavutika, Mwinyimvua akalia kama mtoto. Kisha kutoka ndani ya friza, kwenye kamba na samaki waliokufa, kitu kikagonga mfuniko.

Ngo.

Ngo. Ngo.

Na sauti ikanong'ona chini ya kiganja chake. Haikuwa ya bibi wa Mahege wala ya jini wa kutunga. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, Mwinyimvua, ya ile jioni.

"Nina hakika."

Baridi ilikuwa imefika begani. Upande wa pili wa bega kuna moyo. Akamtazama mkewe aliyekaa kwenye maji, na aibu ikamkaba kuliko baridi. Akasema. Alisema yote: Mahege, kifundo, nondo juu ya paa, marashi. Alisema mbele ya Nurdini kwamba alimtegea Nurdini.

Mkono ukaachiwa, ukaanguka ubavuni.

Nurdini aliishusha nondo kutoka juu ya paa, akaigongomea upande wa pili wa banda, akakaza waya. Aliporudi ndani alianza kueleza, sauti haijatulia. Alisema umeme una tabia ya kukaza misuli, mtu akadhani ameshikwa. Alisema mkono wenye maji hugandia kwenye barafu, yeye ameyaona hayo mara nyingi. Ila aliyoyaona yalikuwa ya mkono uliogusa barafu ya ndani. Mwinyimvua alikuwa ameshika bati la nje. Na kuhusu ule mvumo Nurdini hakueleza kitu. Kabla ya kuondoka alipitisha kiganja chake kwenye mfuniko, kwa mazoea tu ya fundi, akafuta maji kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hakunaswa.

Yasmini aliliona hilo. Mwinyimvua pia.

Kesho yake alfajiri walichimba nyuma ya banda, mke ameshika taa, mume jembe. Kifundo hakikuonekana. Lile tundu lilikuwa linashuka tu, likatoa maji, na maji yalikuwa ya baridi ya kuuma. Yasmini akasema inatosha.

"Hebu niambie tena," alisema. "Huyo bibi alisema litamnasa nani?"

Mwinyimvua akajaribu kulizunguka swali. Akashindwa. "Mwanamume anayekuendea... kwa nia mbaya."

Yasmini akautazama mkono wa mumewe uliofungwa kitambaa.

"Basi limefanya kazi yake," alisema. "Lifukie. Liache hukohuko."

Wengi Bungu walidhani ataondoka. Hakuondoka. Anapika, anacheka, anauza, na friza yake haijapata kuharibu samaki hata mmoja. Nurdini hupita mara mojamoja, anaikagua ethi, anakunywa maji, anaondoka. Friza haitekenyi mtu siku hizi.

Ila kuna siku simu ya Yasmini inaita jioni, anatoka nje kupokea, anakawia. Akirudi anamkuta mumewe amekunja uso, swali limeshafika mdomoni. Yasmini hapandishi sauti. Anaweka simu mezani, taratibu, anamtazama.

"Una neno juu yangu, Mwinyi? Haya. Nenda kaishike friza."

Mwinyimvua anainama, anaukumbatia mkono wake wa kulia, ambao tangu siku ile haujapata joto. Haendi. Na kule bandani, mmmmm, friza inanyamaza ghafla, kama inayosubiri kusikia atajibu nini.