Sehemu ya Mwisho ya Agutu

Harufu ya sangara mbichi ilianzia kwenye kanda ya video. Nestory, mpiga video za harusi pale Mirongo, alidhani panya wameburuta kichwa cha samaki chini ya meza yake. Akafagia, akapiga deki. Harufu ikabaki.

Soko huria lilikuwa limeingia, kila mtu akitafuta cha kuuza. Yeye alipata msiba wa watu. Kila Jumapili mchana ukumbi wa video ulifurika waliokuja kutazama mfululizo wake kuhusu Agutu, binti aliyekata minofu kwenye kiwanda kimoja cha samaki, akapotea baada ya zamu. Polisi walichoka mapema. Ndugu zake, Wajaluo wa Mara, walizika tunda la mwegea badala ya maiti, kama wafanyavyo kwa mtu asiyeonekana. Mama yake, Bernadeta, hakuridhika na tunda. Alikaa safu ya mbele, na filamu ikiisha alimfuata Nestory mlangoni.

"Mwanangu, sehemu inayofuata lini? Nataka mifupa ya binti yangu nizike."

Siku moja, akihariri mahojiano ya mlinzi wa kiwanda, Nestory alisikia nyuma ya maneno ya mlinzi sauti ya kike, yenye maji kooni: "Mama, niko chini ya stoo kuukuu ya barafu." Akarudisha kanda. Ikasema tena, na safari hii kiti cha pembeni kikalowa chenyewe, maji yakachuruzika sakafuni, yakamfuata miguuni, na harufu ile ikamjaa puani mpaka akakimbilia nje akitapika mchana kweupe, majirani wakimcheka.

Angemwambia mama wa watu, basi. Hakumwambia. Jibu likitoka mapema, nani atarudi ukumbini? Mshenzi yule akaiweka sauti kwa ajili ya sehemu ya mwisho.

Akamwita Kashindye, mganga wa Buzuruga. Mzee aliishia mlangoni, akanusa.

"Shikamoo, mzee. Naomba umtoe."

"Marahaba. Simtoi," alinong'ona. "Huyu hana ugomvi na wewe. Ana ujumbe kwa mama yake. Ufikishe."

"Nitaufikisha, mzee. Bado sehemu mbili tu."

Kashindye alimtazama kwa kinyaa, akaondoka.

Kabla ya hizo mbili kuisha, stoo ilibomolewa, na mwekezaji akamwaga zege la jengo jipya juu yake. Bernadeta akafa kwa presha. Walimzika kando ya lile tunda.

Jumapili ya mwisho watu walijaa hadi madirishani. Mlinzi akatokea kwenye televisheni, akaongea, akamaliza. Sauti ya Agutu haikuwamo. Harufu ya samaki nayo ilikuwa imetoweka. Badala yake ukumbi ulinuka udongo mbichi wa kaburi, na kutoka safu ya mbele, kwenye kiti ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, wote wakasikia swali likiulizwa kwa upole uleule:

"Mwanangu, sehemu inayofuata lini?"