Jino la Pir wa Yadi Tisa

Harufu ilianzia stoo. Ilikuwa harufu ya tope la mto, ya maji yaliyolala, na Riffat aliinusa katikati ya Juni, mwezi ambao pale kijijini Dhok Sarang hata jasho hukauka kabla halijafika kidevuni. Mvua ilikuwa haijaonekana tangu ngano ivunwe. Mto wa karibu ulikuwa mchanga mtupu. Alinusa magunia, akanusa mtungi, akasogeza pipa la unga. Alipofika kwenye kabati la vioo akaacha kutafuta, akarudi jikoni kukanda unga.

Kabati hilo alikuja nalo siku ya harusi. Wanawake wengine wa kijiji hupanga humo seti za sahani za kuwaonyesha wageni. Riffat alipanga mifupa iliyogeuka mawe. Ugonjwa huo aliupata sekondari, mwalimu alipowapeleka kwenye makorongo na kuwaonyesha taya la mnyama likichungulia katika udongo mwekundu. Tangu hapo, kila baada ya mvua kubwa alitoka na msumari, brashi ya rangi na gundi iliyozimuliwa kwa maji. Vingine alivinunua kwa watoto wachungaji, kwa peremende. Alikuwa na meno ya farasi wasiozidi mbuzi kwa kimo, gamba la kobe, kipande cha fuvu la mamba. Mumewe Mazhar, dereva wa lori la Karachi, alikuwa akicheka. "Wake wa wenzangu wanadai dhahabu. Wangu anadai punda aliyekufa."

Mama yake Mazhar, ambaye wote walimwita Bebe, hakucheka. "Wenzako wanapanga sahani, wewe unapanga makaburi," alisema. Kisha alimpanguzia vumbi kabati, kwa sababu hakuweza kuona vumbi akalinyamazia.

Jino lilikuwa rafu ya chini, nyuma ya kobe, limefungwa kwenye kitambaa.

Juu ya kilima nje ya kijiji kuna kaburi lenye urefu wa yadi tisa, limefunikwa shuka ya kijani. Aliyelala humo ni pir, mtu wa Mungu, na alikuwa jitu. Kichwani pa kaburi palikaa jino lake: jiwe jeusi kubwa kama mkate, lenye matuta, limeng'aa kwa mikono ya wanawake. Mtoto akianza kuota meno, mama yake humpeleka, humgusisha shavu na ulimi pale, huacha konzi ya chumvi. Riffat alimpeleka binti yake Sumbal hivyo hivyo, na siku ile macho yake hayakumwangalia mtoto. Yaliangalia jiwe. Lilikuwa jino la ndovu wa kale, zima, na mizizi yake yote. Miaka yote ya kuchokora makorongo hakuwahi kupata zima.

Alilitamani miaka sita. Mwezi wa Mei, adhuhuri, kijiji kizima kimejifungia ndani kukimbia upepo wa moto, akapanda kilima na jino jingine la aina ile ile, lililopasuka, ambalo alikuwa ameliunga kwa gundi na kulipaka mafuta ya haradali na masizi. Akaliweka hilo. Akachukua lile. Njiani alijiambia kuwa hakuiba, amebadilisha tu, na kwamba pir yuko kwa Mola wake na huko hatafuni kitu.

Wiki tatu baadaye ndipo ilipokuja harufu. Siku ya pili yake ikaja sauti.

Umeme ulikuwa umekatika. Mazhar alikuwa safarini; Riffat, Bebe na Sumbal walikuwa wamelala chumba cha giza, mlango umefungwa, adhuhuri imetulia juu ya paa kama pasi ya moto.

"Riffat," Bebe alinong'ona.

"Naam, Bebe."

"Acha kusaga meno. Utamwamsha mtoto."

"Si mimi, Bebe."

"Nani basi? Mimi ninayo ya kusaga?"

Bebe hakuwa na hata moja. Riffat nusura acheke. Kisha wote wawili wakamtazama Sumbal, amelala chali, mdomo wazi, katulia kabisa, na ile sauti ikaendelea, jiwe juu ya jiwe, polepole, kama mtu anayesaga chumvi ya mawe bila haraka yoyote. Ilitoka ukutani, upande wa ua.

Riffat aliinuka akaweka jicho kwenye ufa wa mlango. Jua lilikuwa utosini, saa ambayo kivuli cha ukuta hujificha chini ya ukuta na kivuli cha kuku hukaa chini ya kuku, lakini katikati ya ua, kuanzia mlango wa stoo hadi kwenye pampu ya maji na kupita pampu na kupanda ukuta wa pili, palikuwa pamelala kivuli cha mtu, kirefu, chembamba, miguu pamoja na mikono ubavuni kama maiti iliyonyooshwa, na hapakuwa na mtu wa kukitupa kivuli hicho, na alipokuwa bado anakitazama, akijiambia ni joto, ni macho, ni usingizi, upande wa kichwa ukageuka taratibu kuelekea mlangoni.

"Kuna nini?" aliuliza Bebe.

"Hakuna kitu. Lala."

Sumbal alipoamka, taya zake zilikuwa zimefungana.

Daktari wa mjini alisema si pepopunda. Alimtundikia dripu, akasema ni hofu, akawarudisha nyumbani. Mtoto hakuweza kula wala kusema. Heri moja ilikuwa kwamba alikuwa ameng'oka jino la mbele, na kwenye pengo hilo Riffat aliingiza mrija na kumpa maji na maziwa kidogo kidogo, mchana kutwa. Alikuwa mwanamke wa kufanya linalofanyika. Lakini asubuhi moja mrija ukagota. Alimsogeza mtoto dirishani, akainua mdomo wa juu kwa kidole. Kwenye pengo lilikuwa linaota jino. Lilikuwa jeusi, na lilikuwa na matuta.

Bebe akamwita Hafiz Qudrat, mzee msomaji anayetoa majini kwa aya na maji. Alisoma, akampulizia mtoto, akasimama ghafla akielekeza pua stoo.

"Yupo," alisema kwa sauti ya chini. "Na si mhuni. Huyu ni jini mwenye adabu, mwanafunzi wa yule wa juu kilimani. Siwezi kumfukuza mtu anayedai haki. Bibi, humu ndani mna kitu cha kaburini?"

Riffat alifungua mdomo. Bebe akamtangulia.

"Hafiz-ji, huyu mkwe wangu ni mkaidi, na miguu yake haiishi vumbi. Lakini mwizi si. Nimekaa naye miaka kumi, hajawahi kunidokolea hata sukari."

"Nimemuuliza yeye, Bebe."

"Hakuna," alisema Riffat. Masikio yake yalikuwa yanawaka.

Hafiz akafunga kitabu. "Basi pelekeni chumvi. Kila siku. Huenda ataona huruma."

Bebe ndiye aliyepeleka. Magoti yake hayakuweza hata ngazi ya jikoni, lakini alipanda kilima akiegemea fimbo, akasugua kitambaa chake cheupe kwenye jino la pir, akarudi akihema na kumsugua Sumbal taya kwa kitambaa kile kile. Kila siku. "Pona, roho ya bibi yako. Hili limemponya baba yako, limemponya baba wa baba yako." Na Riffat, akiwa ameshika bakuli la maziwa, alisikia kitambaa kile kinanuka gundi. Alitamani ardhi impasukie. Haikupasuka, naye akaendelea kushika bakuli.

Pengo likabaki upenyo wa uzi.

Adhuhuri iliyofuata alilichukua jino kabatini, akapanda kilima mbio, akalirudisha mahali pake, akalitupa lake la bandia korongoni. Hakuna aliyemwona. Alishuka akiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, akafungua mlango wa chumba cha giza, akamkuta Bebe amelala fofofo na Sumbal amekaa wima kitandani, macho wazi, mikono ubavuni, na juu ya mto pembeni yake lile jino, lina unyevu, na chumba kizima kinanuka tope la mto, na kusaga kule kumetoka ukutani na sasa kunatoka ndani ya kinywa cha mtoto wake kilichofungwa, na katikati ya kusaga ikaja sauti ya mtu mzima, ya upole, ya mtu asiyependa kusumbua watu nyumbani kwao:

"Ulichukua bila watu. Usirudishe bila watu."

Alhamisi ndiyo siku ya wanawake kule kilimani. Riffat alimbeba Sumbal mgongoni, jino kwenye kikapu, na Bebe alimfuata nyuma akiuliza mna nini humo asijibiwe. Wanawake walikuwa wamejaa, na watoto wao, na vifuko vya chumvi. Shamim, mke wa muuza maziwa, alikuwa anazunguka kichwani pa kaburi. "Jino liko wapi? Jana lilikuwepo!"

"Ninalo mimi," alisema Riffat.

Alivua mtandio kichwani, mbele ya wote, akautandika vumbini miguuni pao, akaweka jino juu yake. Mwanamke wa pale hafanyi hivyo mara mbili maishani. Akasema yote: kabati, adhuhuri ya Mei, jino bandia, gundi, masizi. Alisema bila kulia, kwa sababu alijua wakimwona analia watamhurumia, na hakuwa amekuja kuhurumiwa.

Shamim akapaza sauti. "Mwanangu amelamba gundi yako! Nimemshikilia mwenyewe, nikisema lamba, baba, lamba upone!"

"Kasoma huyo," mwingine akasema. "Wasomi hawaibi, wanafanya utafiti."

Wachache wakacheka, kicheko kibaya. Riffat alimtafuta Bebe kwa macho. Bebe alikuwa amekitoa kile kitambaa cheupe, anakikunja. Alikikunja mara mbili, mara nne, mpaka kikaingia kiganjani, na hakuinua uso.

Mgongoni kwa Riffat kitu kikachomoka, kikadondoka juu ya mawe, tk. Jino dogo jeusi. Halafu sauti iliyokauka, ya mtoto: "Ammi, maji."

Hakuna aliyemrudishia mtandio kichwani. Alilirudisha jino kichwani pa kaburi, akauokota mwenyewe.

Nyumbani Bebe alijipikia chapati yake, akala peke yake. Ua ulikuwa mweupe kwa jua, hakuna kivuli, hakuna sauti. Sumbal alikunywa mpaka tumbo likajaa, akalala, akaamka adhuhuri ya kesho yake akamvuta mama yake nguo.

"Ammi, yule mrefu amekwenda. Amesema yeye alikuwa na watu wa kumdaia haki yake."

"Vizuri. Lala."

"Amesema wale wengine hawana watu. Wanauliza walale wapi."

"Wengine gani?"

Mtoto alinyoosha kidole kuelekea stoo.

Riffat alikwenda akasimama mbele ya kabati. Farasi, kobe, mamba, vipande vingine ambavyo hakuvijua hata majina. Alijaribu kukumbuka kila kimoja alikitoa korongo lipi, akakumbuka peremende tu. Nyuma ya vioo kitu kilisogea, kisha kingine, kwa haya, kama watu waliosimamishwa mlangoni muda mrefu na kuambiwa mwenyeji hayupo. Uso ukamwaka. Akafungua vioo vyote. Akaleta mikeka, akaleta magodoro ya pamba ya msimu wa baridi, akapiga magoti akaanza kutandika.

"Usiwalaze chini."

Bebe alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo. Hakumtazama Riffat. Alitazama kabati.

"Ni wageni," alisema.

Riffat akakiburuta kitanda chake mwenyewe cha kamba kutoka chumbani, akakiweka katikati ya stoo, akatandika shuka safi, akarudi nyuma mpaka alipokuwa Bebe. Wakangoja, hakuna aliyegusana na mwenzake. Baada ya muda kamba za kitanda zikalia, zikanyooka, zikazama chini kwa uzito wa kwanza. Kisha wa pili. Kisha zikaendelea kulia.