Wiki ya Bwana Wanjohi

Kila siku ya shule Kwamboka alishuka kwenye basi saa nane u nusu, akapita dukani kununua mkate, kisha akapanda ngazi hadi chumba chao cha ghorofa ya pili. Villa ile, jumba kubwa la kupangisha jijini Doha, ilikuwa imegawanywa vyumba tisa, kila chumba na familia yake, na jiko lilikuwa moja. Zamu yao ya kupika ilianza saa kumi. Kabla ya hapo Kwamboka alioga, akafanya hesabu zake ukingoni mwa kitanda, halafu akangoja sauti ya mama wa chumba cha tatu akitoa sufuria zake jikoni.

Mama yake, Phoebe, alikuwa msaidizi wa wauguzi katika kliniki. Baba yake, Tom, aliendesha basi la wafanyakazi wa ofisi za mtaa wa West Bay. Wote wawili walirudi wamechoka hoi, kwa hiyo mambo yote ya simu na mtandao yalikuwa ya Kwamboka. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini ndiye aliyejaza fomu, akatafuta nauli za ndege na kujibu barua za shule.

"Mimi sijui kitu," Baba alikuwa akiwaambia watu. "Muulizeni karani wangu."

Kwamboka alipenda sana kuitwa karani.

Ukutani palikuwa na picha ya mdogo wake, Levis, mwenye miaka sita. Levis alipelekwa Kisii, Kenya, kwa Nyanya akiwa na miaka miwili, Mama alipopewa zamu za usiku na pakakosekana mtu wa kumwangalia. Sasa alimwita Nyanya "Mama", na mama yake mzazi akamwita "Anti wa Doha". Kila simu ilipokatwa, Mama alichukua sufuria safi akaanza kuisugua upya, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba ilikuwa safi.

Mwaka huo, likizo ya Aprili ilipokaribia, Nyanya na Levis walipata safari ya kuja Doha kwa siku tatu. Mama aliomba ruhusa kazini akakubaliwa. Tatizo lilikuwa moja: mwenye villa hakuruhusu mgeni yeyote alale humo.

"Tukodi chumba hotelini moja kwa moja," alisema Baba. "Kitakuwa kidogo, sawa, lakini jina letu litaingia kwenye kitabu chao siku hiyo hiyo. Kitu kikiharibika, tunajua tutamuuliza nani."

"Chumba cha vitanda viwili, Baba Kwamboka? Tutalala wapi watu watano?" Mama alijibu. "Nataka mtoto wangu alale ninapolala mimi. Aamke asubuhi anione mimi kwanza. Ile nyumba ya Bwana Wanjohi ina vyumba viwili na jiko, na bei yake ni nafuu."

Bwana Wanjohi alikuwa mhandisi wa kompyuta, tena mwimbaji wa sauti nzito katika kwaya ya kanisa lao kule Mesaimeer, walikokwenda kila Ijumaa, siku ya mapumziko ya Doha. Miaka ya nyuma alinunua haki ya kukaa wiki moja kila mwaka katika nyumba ndogo ya hoteli moja ya ufukweni. Nyumba haikuwa yake. Wiki tu ndiyo ilikuwa yake. Mwaka huu dada yake aliugua vibaya, hamu ya kustarehe ikamwisha, akatangaza kwenye kikundi cha simu cha kanisa kwamba anaikodisha wiki hiyo. Mtu wa kanisa, wa kwaya tena! Hakuna aliyemdai karatasi. Mama alimtumia malipo siku ile ile, na Baba akaacha kubisha.

Alhamisi, wiki moja kabla ya safari, ujumbe wa Bwana Wanjohi uliingia. Kwamboka aliusoma kwa sauti huku Mama akifua sare yake.

"Mama Kwamboka, hoteli nimeshawapelekea barua yangu. Imebaki ninyi kuwapigia simu kabla ya Jumatatu mchana, muwape majina ya wageni na nambari za pasipoti. Msipopiga, nyumba watapewa watu wengine. Dada yangu ametutoka. Alhamisi ijayo nasafiri kwenda kumzika."

"Maskini, Wanjohi," Mama alisema, akatulia kidogo na povu mikononi. "Kwamboka, utawapigia wewe kesho kutwa mchana. Pasipoti zetu ziko kwenye droo, na za Nyanya na Levis umeshatumiwa picha. Usisahau, mwanangu."

Jumamosi Kwamboka alipiga kweli. Mashine iliongea kwanza kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza, kisha ukaja muziki wa kungojea. Dakika ya nne alisikia rafiki yake Kendi akimwita chini. Walikuwa wamepanga kuendesha baiskeli. Dakika ya sita Kendi aliita tena. Kwamboka alikata simu. Nitapiga kesho, alijiambia. Kesho yake, Jumapili, ambayo Doha ni siku ya shule, palikuwa na mtihani wa sayansi.

Jumapili jioni Mama aliuliza, viatu bado miguuni, "Uliwapigia hotelini?"

Angeweza kusema hapana. Jumatatu ilikuwa bado haijafika, na Mama angekasirika kwa dakika tano yakaisha. Lakini karani hodari hapendi kuonekana amesahau.

"Niliwapigia, Mama. Wamesema sawa."

Jumatatu alikumbuka akiwa darasani. Aliporudi nyumbani alipiga, akaambiwa ofisi inayohusika imefungwa. Basi akajitia hamnazo. Watakuwa na barua, aliwaza, barua inatosha.

Alhamisi alasiri walisimama wote uwanja wa ndege. Nyanya alitokea akisukuma mzigo, miguu imevimba kwa safari, na Levis ameshika sketi yake. Mama alipiga magoti sakafuni, akafungua mikono. Levis alijificha nyuma ya Nyanya.

"Salimia mama yako," alisema Nyanya.

"Shikamoo, Anti," alisema Levis.

"Marahaba, baba," Mama alijibu, akasimama, akajikaza. Siku tatu zilikuwa mbele yao, na alikuwa amezihesabia kila saa.

Hotelini, dada wa mapokezi aliitwa Scovia, Mganda mwenye sauti ya upole. Alichukua pasipoti, akatazama kompyuta, akatazama tena.

"Pole sana, mama. Majina haya sina. Nyumba hiyo ina wageni wengine tangu jana."

"Haiwezekani, dada yangu. Ni wiki ya Bwana Wanjohi. Tumelipa."

"Mmemlipa yeye, mama. Sisi tunampokea yule ambaye jina lake liko kwetu."

Mama aligeuka. "Kwamboka, si ulipiga simu?"

Baba alikuwa akimtazama. Nyanya pia alikuwa akimtazama, ameketi juu ya sanduku lake kwa uchovu. Neno lilimtoka Kwamboka upesi.

"Nilipiga, Mama."

Hapo basi Mama aliona kila kitu wazi, na alichokiona hakikuwa kweli. Alimpigia Bwana Wanjohi mara tatu. Simu ilikuwa imezimwa, kwa kuwa saa ile mwenyewe alikuwa angani, akienda mazikoni. Mama aliondoka pale mezani kabla Scovia hajasema neno jingine, akaenda dirishani, akafungua kikundi cha kanisa chenye watu zaidi ya mia mbili, akabonyeza kidole na kuongea.

"Wapendwa, ni mimi, Mama Kwamboka. Jihadharini na Wanjohi. Amechukua pesa zetu za chumba, na chumba hakuna. Nimesimama hapa na mama yangu mzee na mtoto. Amezima simu, ameruka kwenda Kenya. Ni mwizi kama wezi wengine."

Aliinua kidole. Ujumbe ukaenda.

Majibu hayakuchelewa. Mtu aliandika kwamba hata yeye alikuwa akimshuku. Mwingine akauliza kama kweli kuna msiba, au ni hadithi tu ya kutorokea. Watatu wanne walitaka atolewe kwenye kwaya. Mama alisoma huku machozi yakimtiririka, kisha akaketi chini karibu na sanduku, akashika tama.

"Nilitaka siku tatu tu, Mama," alimwambia Nyanya kwa Kiswahili, ingawa kwa kawaida waliongea Kikisii. "Miaka minne nimengoja. Siku tatu tu zimenishinda."

Levis alimwangalia mwanamke huyu mgeni akilia, akaogopa, akamvuta Nyanya sketi, akasema, "Mama, turudi nyumbani."

Kwamboka alitamani sakafu ipasuke immeze. Kwa muda alidhani anaweza kuendelea kunyamaza, kwani nani angejua? Lakini simu ya Mama ililia tena pale sakafuni, na juu ya kioo palikuwa na jibu jipya: "Mwizi hana kanisa." Kwamboka alimfikiria Bwana Wanjohi, ambaye kila Ijumaa humsalimia "karani", akiwasha simu yake kando ya jeneza la dada yake.

"Mama," alisema. "Sikupiga."

"Unasema nini?"

"Hotelini. Nilianza kupiga, nikakata nikaenda kucheza. Nilikudanganya Jumapili, na hapa pia nimekudanganya. Si Bwana Wanjohi. Ni mimi."

Mama hakumpiga wala hakupaza sauti, na hilo lilimwumiza Kwamboka zaidi. Alimtazama tu, kama mtu anayetafuta kitu usoni asikipate. Baba ndiye aliyekwenda mezani. Scovia alifungua faili, na barua ilikuwepo, imesainiwa na Bwana Wanjohi siku kumi na moja zilizopita.

"Tuliwangoja hadi Jumatatu mchana," alisema Scovia. "Ndiyo kanuni. Nilitaka kuwaambia, lakini mama aliondoka."

Mama alifuta ujumbe wake kwenye kikundi. Lakini tayari watu mia na kumi walikuwa wamesikia, na masikio ya watu hayafutwi kwa kidole.

Baba alirudi na habari. Palikuwa na chumba kimoja, upande wa maegesho, hakina jiko wala bahari. Kingeweza kulipiwa pale pale na majina kuandikwa pale pale, kwa usiku wote watatu. Hoteli iliruhusu watu wazima wawili na mtoto mdogo mmoja.

"Basi Nyanya, Levis na Mama," alisema Kwamboka kabla hajaulizwa. Begi lake lenye nguo ya kuogelea lilikuwa mgongoni. "Mimi nitarudi na Baba."

Hakuna aliyembembeleza abaki. Baba alitumia akiba ya nauli yao ya Desemba, na Scovia akaandika majina matatu mbele ya macho yao, akawapa karatasi iliyopigwa muhuri.

Kesho yake, Ijumaa, Mama alikutana nao kanisani Mesaimeer. Watu wengi walimzunguka kumpa pole, na kila mmoja alilitaja jina la Wanjohi kwa kunong'ona. Baada ya ibada Mama alimpa Kwamboka simu.

"Sema wewe. Kwa sauti yako."

Kwamboka alibonyeza. "Mimi ni Kwamboka, binti Phoebe. Bwana Wanjohi hakuiba. Aliandika barua yake. Mimi niliambiwa nipige simu, sikupiga, nikadanganya. Naomba mnisamehe, na naomba mumwambie kila mliyemwambia."

Waliosikia ujumbe huo hadi jioni walikuwa arobaini na watatu tu. Kwamboka aliwahesabu mwenyewe.

Alasiri hiyo, saa tisa, Bwana Wanjohi alikuwa amempigia Baba. Sauti yake nzito ilikuwa imekwaruza.

"Nipe mtoto," alisema. Kisha, Kwamboka aliposhika simu: "Nimewasha simu yangu tukiwa tunaondoka mochari. Unajua nilisoma nini?"

"Ndiyo, Bwana Wanjohi. Nisamehe."

"Nitakusamehe, lakini leo siwezi. Leo nina dada wa kuzika. Nikirudi, uje unisalimie mbele ya watu."

Usiku wa tatu uliisha. Mama alisimulia baadaye kwamba Levis aliamka asubuhi ya mwisho akamkuta amelala kando yake, akamgusa pua. Hakumwita Mama. Alimwita Anti bado, lakini uwanja wa ndege hakujificha tena, na mlangoni aligeuka mara mbili kumpungia mkono. Mama alisema hilo lingetosha kwa sasa, kisha akalia njia nzima ya kurudi.

Jioni hiyo, jikoni, alimketisha Kwamboka juu ya kindoo kilichofudikizwa.

"Baba yako alisema kweli, tungeandikisha wenyewe," alisema. "Na mimi nilikosea. Nilimwamini mtu kwa sababu ya kanisa, halafu nikamhukumu bila kumsikia. Lakini wewe sikiliza. Kusahau simu ni kosa la kila mtu, mwanangu. Ungeniambia Jumapili, ningepiga Jumatatu asubuhi, na sote watano tungelala nyumba moja. Ulitaka uonekane hodari, na mwingine akaitwa mwizi kwa ajili yako. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado dogo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

Wiki mbili baadaye Bwana Wanjohi alirudi. Alisimama peke yake uani, baada ya ibada, na wengi walipita mbali naye kidogo, kama watu wasiokumbuka vizuri hadithi iliishaje. Kwamboka alivuka ua mbele ya macho yao wote.

"Shikamoo, Bwana Wanjohi," alisema kwa sauti ya kusikika. "Pole kwa msiba. Na nisamehe."

"Marahaba," alijibu. Hakutabasamu, lakini aliupokea mkono wake, akaushika mpaka watu wote wakawa wameona.