Mahakama Iliyomsubiri Fundi Viatu

Fundi viatu hakusikia tangu utotoni. Alishona soli kutwa kibandani, na dada yake, mshonaji wa nguo, alikaa kando yake na cherehani. Dada ndiye aliyemlea. Alimfunza kwamba mtu mwenye cheo akimsemesha, aitikie kwa kichwa tu. Yaishe.

Siku moja waandamanaji walipita barabarani kupinga kodi mpya. Polisi walitangaza kwa kipaza sauti kwamba watu watawanyike. Watu wakatimua mbio, dada mtu akiwa ameenda kununua nyuzi. Fundi alikuwa ameinamia kiatu. Alipoinua macho, akatiwa pingu. Kituoni aliulizwa kama alikaidi amri. Akaitikia kwa kichwa. Akaulizwa kama alirusha mawe. Akaitikia tena, kwa adabu zote.

Dada mtu alipofika aliambiwa mdogo wake amekiri mwenyewe. Aliliona gereza mbele yake.

Akakimbilia kwa jirani yao, mama wakili, mwenye viatu vingi kuliko miguu ya mtaa mzima. Wakili akamweleza kwamba mshtakiwa hajibu shtaka asilolielewa. Mahakama humtafutia mkalimani bila malipo. Tena, mpaka ithibitishwe, yeye hana hatia.

"Si bora aitikie tu, apunguziwe?" dada mtu akauliza.

"Thubutu! Kuitikia ndiko kulikomponza. Mwache ajibu mwenyewe."

Kesho yake mahakamani karani alisoma shtaka. Fundi akaanza kuinamisha kichwa. Wakili akawahi kusimama, akaomba mkalimani wa lugha ya alama. Hakimu akaweka kalamu chini. Askari, mawakili na wakubwa wenye suti wakakaa kimya kumsubiri mkalimani wa fundi viatu mmoja. Dada mtu hakuamini macho yake.

Mkalimani alipofika, fundi alimtazama, kisha mikono yake yenye gundi ikaanza kusema. Ilisema mengi, upesi, bila kusita. Dada mtu alipigwa na butwaa. Alama hizo mdogo wake alijifunza kwa wateja wasiosikia kama yeye, na dada aliziona mchezo tu.

"Sikusikia amri," mkalimani akatafsiri. "Sikurusha jiwe. Nilikuwa nashona kiatu."

Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekana. Kule kuitikia kituoni, alisema, si kukiri. Akampa dhamana.

Baadaye ushahidi mwingine haukupatikana. Hakimu akasoma uamuzi wake wa kumwachia huru kwa maneno mazito ya kisheria, mkalimani akihangaika nayo. Mwishoni akamuuliza fundi kama ameelewa.

Dada mtu akamkazia macho. Kichwa cha mdogo wake hakikutikisika. Mikono ikainuka.

"Sijaelewa. Naomba urudie."

Hakimu akafunua karatasi zake, akarudi ukurasa wa kwanza, akaanza upya, taratibu, kwa maneno mepesi.